Hitma ya Mia Tatu na Moja

Mgeni akiingia nyumbani kwetu Ngamiani kwa mara ya kwanza hudhani kuna ugomvi. Shangazi anaulizia chumvi kwa sauti ya kusikika barabara ya pili, Bibi anamjibu kutoka uani kwa sauti hiyo hiyo, na mimi ninayejihesabu mpole namwambia mtoto afunge mlango kana kwamba mlango wenyewe uko Pangani. Hakuna ugomvi. Tumelelewa na Babu, na sikio la kushoto la Babu lilikuwa pambo. Aliliacha Bama kwenye vita vya Hitla, kwa kuwa ndilo lililokuwa upande wa mzinga. Ukitaka akusikie ulipaza sauti, naye alipaza yake kwa sababu hakuwa akijisikia mwenyewe. Watoto wakakua wakiamini ndivyo binadamu wanavyozungumza, wakaoa, wakaolewa, wakawaambukiza wenzao. Hata wakwe wameshazoea.

Mbali na sikio, vita vile vilituachia vitu viwili: sanduku la bati chini ya kitanda cha Bibi, na hitma.

Kila mwaka, kaskazi ikiwa imekaza na masika bado hayajaingia, Babu alifanya hitma. Si ya wazazi wake. Hiyo ilikuwa na siku yake. Hii aliiita ya mia tatu na moja. Bibi, bado bi harusi ndani ya nyumba, alimuuliza, "Watu mia tatu na moja?" Babu, na hakuna ajuaye alisikia nini, akajibu, "Ndiyo, wote." Basi Bibi akapika pilau ya watu mia tatu na moja. Sufuria za msikiti zikaazimwa, mchele ukanunuliwa kwa gunia, madrasa nzima ikaalikwa ili hesabu itimie, na aliyekatisha njia akavutwa mkono. Kuna mwaka watu walipungua, Bibi akamtuma kijana stesheni ya reli akaokote wasafiri. Babu alipofariki mwaka 1991, Bibi aliiendeleza hitma kama alivyoikuta. Alipunguza nyama, hakupunguza watu.

Hatukuwahi kuuliza zaidi. Sisi wadogo tulidhani mia tatu na moja ni namba ya nyumba aliyowahi kupanga, tukashangaa, maana barabara zetu za Ngamiani zina namba lakini hazifiki huko. Halafu Tanga ni mji mbaya kuulizia vita. Taja Mwingereza na bunduki mbele ya mzee yeyote, atakurudisha Novemba 1914, meli za Waingereza zilipoleta majeshi kutoka Uhindi, von Lettow-Vorbeck akawashinda, na nyuki wakatoka mizingani wakauma wa huku na wa huko bila upendeleo. Ukitoka hapo umeshiba nyuki, na habari za Bama huna.

Mambo yangebaki hivyo lau Baba Mdogo hakuja.

Alishuka kwenye basi la Dar es Salaam na begi la siku mbili, akakaa mpaka tukamnunulia mswaki mpya. Habari aliyoileta ni kwamba Uingereza inawalipa wajukuu wa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza la Waafrika, wazima na waliokufa, na kwamba kuna kijana Kariakoo mwenye fomu. Fomu alikwishainunua. Bei yake mkewe ametajiwa nusu. Ilitaka jina kamili la askari, namba yake, cheo, kikosi na ushahidi, na kwa kuwa Baba Mdogo alichokijua ni jina tu, tukaketi wote chumbani kwa Bibi kungoja sanduku lifunguliwe.

Bibi alifungua kwanza pindo la kanga, kisha fundo, kisha fundo la ndani, akatoa ufunguo. Ndani mlikuwa na nyota ya shaba yenye ncha sita, utepe wake mwekundu katikati na buluu pembeni, na mstari wa rangi ya chungwa ukipita katikati ya kila buluu. Mlikuwa na medali ya mviringo, upande mmoja kichwa cha Mfalme George wa Sita, upande wa pili simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Mlikuwa na kitambaa kilicholiwa na nondo, chenye kichwa cha kifaru, ambacho Shangazi alishikilia kuwa ni cha Idara ya Wanyamapori. Na mlikuwa na kitabu cha kuachishwa jeshi. Mchwa walikianza katikati. Wakala namba, wakala cheo, wakala kikosi, wakatuachia majalada mawili na onyo kwa askari asikipoteze kitabu hiki.

Baba Mdogo akaichukua nyota, akaigeuza. Nyuma tupu. Akaigeuza medali, akaisoma ukingo wote kwa kidole. Tupu.

"Jina liko wapi?"

Alikuwa amewahi kuona medali ya vita vya kwanza nyumbani kwa rafiki yake mmoja wa Kihindi, imechorwa namba na jina la mwenyewe ukingoni, na akajua, kama ajuavyo mambo yake yote, kwamba medali ya Mwingereza lazima iwe na jina. Macho yakamgeukia dada wa kazi. Iddi iliyopita, kwa nia njema, alizisugua zile medali kwa ndimu na majivu mpaka zikang'aa.

Kesi ikasikilizwa hapo hapo, Shangazi hakimu, Baba Mdogo mwendesha mashtaka na mlalamikaji kwa pamoja. Dada alijitetea kwa maneno machache: "Mimi nilisugua kutu. Jina sikuliona." Baba Mdogo akakokotoa kwenye kalamu na karatasi hasara iliyoipata familia kwa ajili ya ndimu mbili. Dada akaenda kufunga nguo zake. Chai ya jioni ile alipika Shangazi, na hapo ndipo nyumba nzima ilipoanza kutilia shaka mashtaka.

Tukampigia binamu yetu aliyeko Uingereza. Alikuwa ndani ya basi, akitoka kazini. Tukamweka kwenye spika na kumsalimia wote kwa pamoja, kila mtu kwa sauti aliyolelewa nayo, na tukasikia basi lote kule likinyamaza. Aliomba apigiwe akifika nyumbani. Akafika, akatafuta, akatupa jibu lililomwokoa dada: medali za Vita vya Pili Waingereza walizitoa bila majina. Waafrika Kusini na Waaustralia waliziandika majina za kwao. Waingereza na makoloni yao hawakupata hilo. Za vita vya kwanza ndizo zilizochorwa. Nyota ile ni ya Bama. Kifaru ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana huko mwaka 1944, na Idara ya Wanyamapori haimo.

Fidia ya dada ilikuwa doti ya kanga, na Bibi akaamuru achague mwenyewe. Alichagua yenye maneno ambayo Baba Mdogo alipoyasoma alihamia kula uani.

Mtu mwingine angekoma. Baba Mdogo akamgeukia mwanangu wa sekondari, mwenye simu ya kufungua kila kitu, akamwamuru amtafute Babu kwenye daftari la Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Nikamwambia lile ni daftari la waliokufa vitani, na Babu amefia hapa, kitandani mwake, sisi tukiwa tunamsomea Yasini. Akasema daftari ni daftari.

Mwanangu akaandika jina la Babu na la baba yake. Likatoka. Jeshi la Mizinga la Afrika Mashariki. Amefariki tarehe 12 Februari 1944.

Tukanyamaza. Majirani, ambao kelele zetu huzilalia, ukimya ule uliwatisha, wakaja mlangoni kuuliza kuna msiba gani.

Shangazi, aliyezaliwa 1958, alishika kifua. Baba Mdogo kwa upande wake alikwishaanza kuona kheri ndani ya jambo, maana aliyefia vitani huenda akalipwa zaidi. Bibi alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Hakuinua uso.

"Amekufa arobaini na nne?" akasema. "Basi mie hamsini na tano nimeolewa na nani?"

Nikajaribu kueleza kwamba jina la Babu ni la watu wengi. Ukiliita sokoni watageuka kumi, na wawili kati yao watakudai. Hakuna aliyenisikiliza. Lakini mwanangu alikuwa ameona kitu kingine. Aliitafuta ile tarehe badala ya lile jina, na majina yakaanza kuteremka, askari kwa askari, kioo kwa kioo, wote tarehe 12 Februari 1944, wote wameandikwa kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki katika makaburi ya vita ya Nairobi, kwenye Barabara ya Ngong. Akapandisha mpaka juu, akasoma kikosi chao: Rejimenti ya Mizinga ya 301.

Bibi akauweka ungo chini.

Mengine tuliyapata kipande kipande, binamu akisoma kule na sisi tukisoma huku, na nitayasema kwa mpangilio ambao sisi hatukuupata. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano za kubeba askari uliondoka Kilindini kuelekea Colombo, Ceylon ya wakati ule. Moja iliitwa Khedive Ismail. Ilijengwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, wakaiita Aconcagua. Mwaka 1935 ikanunuliwa na Wamisri, wakaipa jina la mtawala wao wa zamani. Ilibeba watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa askari na maafisa wa Rejimenti ya 301, wengine mabaharia, manesi na wanawake wa jeshi la majini. Wapigaji mizinga wetu walikuwa wakipelekwa kupigana na Mjapani nchi kavu, na kabla hawajaiona nchi kavu Mjapani akawajia chini ya maji.

Ilikuwa baada ya adhuhuri, karibu na visiwa vya Maldivi. Wengi walikuwa ndani ya meli, mahali palipokuwa na tamasha la muziki. Nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga meli torpedo mbili. Ilizama katika dakika zisizozidi mbili. Sisi nyumbani kwetu dakika mbili hatujamaliza kubishana nani anyanyuke akafunge dirisha.

Kilichofuata ndicho Waingereza wanachokisimulia zaidi. Nyambizi ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea, na manowari Petard na Paladin zilizolinda msafara zikawa na la kuchagua: kuwaokoa wale, au kuiwinda nyambizi kabla haijageukia meli zilizobaki. Petard ikatupa mabomu ya chini ya maji huku kukiwa na watu majini. Nyambizi ililazimika kuibuka, ikapigwa, ikazama. Walionusurika kwenye Khedive Ismail walikuwa wanaume 208 na wanawake 6.

Uamuzi ule wa nahodha ulikuwa mzito, silikatai hilo. Ila nimeona masimulizi yanavyokaa naye, yanavyompima huku na huku, yanavyotaja manesi, nao wanastahili kutajwa, na yakifika kwa askari wa mizinga yanataja idadi na kusonga mbele. Hata shajara za vikosi, zile zilizoandikwa siku kwa siku na zinazotunzwa Kew, London, ndivyo zilivyo kwa desturi: afisa akienda likizo ameandikwa kwa jina, askari akifa ameingia kwenye hesabu. Binamu yetu alisema ukitafuta mtu wa kwenu humo utaishia kumtafuta katika tarakimu.

Tulipomaliza kumsomea Bibi haya yote, alikaa kidogo, kisha akasema, kwa sauti ya chini kwa vipimo vya nyumba yetu, "Huyo ni somo wake."

"Nani?"

"Huyo mliyemkuta na jina lake. Somo wake. Walikuwa mzinga mmoja."

Alijua. Babu akishikwa na homa, malaria ya Bama ile isiyokwisha, alikuwa akiita jina lake mwenyewe usiku kucha. Bibi akadhani amepagawa. Siku moja akamuuliza sikio la kulia, la kushoto hataki kulisemesha, naye akamwambia kwamba hajiiti, anamwita somo. Meli iliondoka Mombasa Babu akiwa hospitali na homa, somo akapanda na wenzake. Babu akapangiwa mizinga mingine, akapelekwa Bama baadaye. Bonde la Kabaw, mvua, matope ya magotini, mzinga wa ratili 25 wa kuvutwa kwa mikono gari lilipokwama, wenye kombora la kilo 11 linalokwenda kilomita 12, na watu sita wa kuuhudumia. Divisheni ya kifaru ilifika mto Chindwin, pale Kalewa, Desemba 1944, na wahandisi wakatandika daraja la vyuma la karibu mita 350 kuuvuka. Babu alilisimulia daraja kwa kila mtu. Somo alimsimulia mkewe tu.

"Mama, mbona hukusema siku zote hizi?" Shangazi akauliza.

"Mlikuwa mnaiuliza simu."

Ila la mia tatu na moja hakulijua, na sasa ndipo lilipomwingia. Tuliliona likipanda usoni. Akaanza kuhesabu kwa vidole: magunia, kuni, sufuria, deni la mchele la mwaka ule wa ukame, wasafiri wa stesheni. Akanyanyuka, akaiendea picha ya Babu ukutani, akasimama kulia kwake, akaisema. Akaisema mpaka majirani wakatulia majumbani mwao, kwa kuwa sasa walijua tuko salama. "Namba! Namba ya jeshi! Na mie nakuuliza watu, unasema wote!" Halafu akacheka, akaketi kitandani, akajifuta macho kwa kanga, akamtaka dada amletee maji.

Fomu ya Kariakoo haikufika popote. Kijana mwenyewe simu yake ilikuwa haipatikani tangu siku ya pili. Malipo ya wajukuu hayapo. Upo msaada wa hisani kwa askari wazee wa Jumuiya ya Madola na wajane wao walio na shida, na Baba Mdogo alipolisikia neno mjane akamgeukia Bibi, akapiga na magoti. Bibi akamtazama. "Nina shida gani mie, na mwanangu mkubwa namna hii yupo?" Baba Mdogo akaikunja fomu.

Mimi binafsi deni naliona, ila si pale alipolitafuta yeye. Nyaraka za Waingereza wenyewe zinaonyesha kwamba malipo ya kumalizia vita yalipangwa kwa cheo, kisha kwa rangi, na Mwafrika alipewa sehemu tu ya alichopewa Mzungu wa cheo kile kile. Babu alirudi na baiskeli na koti. Baiskeli ilimwozesha, koti Shangazi alilikata vitambaa vya kushikia sufuria. Nilipomuuliza vipi akate koti la vita, akanijibu lilikuwa zito, halishiki moto.

Limebaki suala la hitma ya mwaka huu. Baba Mdogo alifungua mjadala kwa kusema kwamba, ukweli ukishajulikana, hakuna haja tena ya watu mia tatu na moja. Tuite maalim, tusome wenyewe kwa wenyewe, sufuria moja inatosha. Alisema vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu aje tulielekea kukubaliana naye. Mwanangu ndiye aliyeharibu. Akasema kama hitma ni ya kikosi, basi kikosi melini kilikuwa watu 996.

Bibi akauliza kama walikuwemo Wakristo. Nikasema bila shaka, askari walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika, wa kila dini. Akasema pilau haiulizi. Akavuta ungo, akaanza kukadiria: pishi moja walaji wangapi, gunia moja pishi ngapi. Baba Mdogo akakumbuka ana shughuli Dar es Salaam. Shangazi akamwambia mchele wa Kyela hupatikana huko huko, atume kwa basi, magunia yawe na jina lake. Sufuria za msikiti wetu hazitatosha, Bibi akasema. Niende nikaulize na za msikiti wa barabara ya nane, niulize sasa hivi, kabla hawajaziazima wengine.